Santuri ya "Jambo Bwana" na Kiswahili cha Mombasa

Utangulizi

Wanachuoni wa lugha yetu wamezoea kuitafuta historia yake katika maandishi: katika miswada ya tenzi iliyohifadhiwa kwa hati za Kiarabu, katika barua, katika kamusi za wamishenari na katika magazeti ya zamani. Sauti iliyonaswa katika sahani ya santuri haijapata heshima hiyo, ingawa sahani ina sifa moja ambayo mswada hauna, nayo ni kwamba mnakili hawezi kuisahihisha. Aliyenakili utenzi wa Kiamu akiwa Mvita aghalabu aliingiza maumbo ya kwao bila kujua, au kwa kujua, na leo twataabika kuyatenga ya mtunzi na ya mnakili. Sahani iliyokwisha kukandamizwa kiwandani husema vile vile ilivyosema siku ya kwanza, kosa na yote.

Nia ya makala haya ni kuichukua sahani moja, ile ya wimbo wa "Jambo Bwana" uliotolewa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, na kuisoma kama tusomavyo mswada wenye tarehe: ilitoka wapi, ilitolewa vipi, ina Kiswahili gani ndani yake, na nini kiliupata wimbo huo baada ya kutoka mikononi mwa wenyewe. Nitadai kwamba wimbo huu, ambao wengi wetu tumeuweka kando kwa kuuita Kiswahili cha watalii, una sarufi mbili ndani yake, na kwamba moja katika hizo ni sarufi ya pwani tunayodai kuilinda.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kuliona hilo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, wanafunzi wenzangu waliposikia natoka Mombasa waliniamkia kwa maneno ya wimbo huo, nami kwa miaka miwili nikawa nawarekebisha: semeni "hujambo", nami nitajibu "sijambo". Walinisikiliza kwa adabu, kisha kesho yake wakarudia yale yale. Nikawa naona haya kwa ajili ya wimbo, kama mtu anayeona haya kwa ajili ya jamaa yake aliyelewa karamuni. Haikunipitikia kuuliza kwa nini maneno machache yaliyoimbwa na vijana wa Mombasa yaliweza kufika huko nilikokuwa, hali diwani za washairi wa Mvita zilikuwa zimelala katika maktaba ya chuo hicho hicho na kadi zake za kuazimia hazina mihuri.

Sauti ya pwani katika sahani

Yafaa kwanza tuiweke sahani yetu mahali pake. Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea ambayo ni nadra kutajwa pamoja. Mwezi Machi, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodiwa nyimbo na kampuni ya HMV. Sahani hizo zilienea pwani nzima na kuingia bara, na kampuni nyingine zikaja mbio nyuma ya faida. Mwaka huo huo, katika mkutano uliofanyika hapa Mombasa, wajumbe wa makoloni ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji ule ule uliowakaribisha wajumbe, kikaachwa. Hatusemi kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Lakini kwa mtu wa Mombasa aliyekaa barazani akisikiliza gramafoni, Kiunguja kilimfikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kwa kitabu cha mtoto wake wa shule na kwa sauti ya Siti.

Mombasa nayo ilipata sahani zake, ingawa baadaye. Katika miaka ya 1960 na 1970 lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand na Wanawe, ilitoa taarabu ya hapa hapa: Zein l'Abdin na gambusi lake, Maulidi Juma, Matano Juma, Zuhura Swaleh, Yaseen na wenzake. Katika Mji wa Kale, Mbwana Radio Service ilikuwa duka na vilevile mtoaji wa sahani na kanda. Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir kwa mahadhi yaliyotokana na filamu za Kihindi, na kwa njia hiyo mashairi yenye "nti" badala ya "nchi" na "mato" badala ya "macho" yakasikika katika nyumba ambazo hazijaingiwa na kitabu cha Malenga wa Mvita kilichochapishwa mwaka 1971. Hapa sahani ilifanya kazi ambayo wachapishaji hawakuiweza. Kimvita, kilichotolewa darasani mwaka 1928, kiliendelea kukaa katika mifereji ya santuri, kama kinavyoendelea kukaa katika jina la barabara ya Ndia Kuu, ambayo hakuna diwani wa mji aliyethubutu kuiita Njia Kuu.

Palikuwa na shida moja ya ufundi, nayo haikuwa ndogo. Sahani ya mizunguko 45 kwa dakika huchukua dakika chache tu kila upande. Shairi la taarabu lenye beti sita au saba, pamoja na utangulizi wa vyombo na vibwagizo vyake, halitoshi hapo. Mara nyingi wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, na msikilizaji akanyanyuka kuigeuza sahani wakati hoja ya mshairi ndiyo kwanza inakolea. Tukumbuke jambo hili tutakapofika kwenye wimbo wetu, kwani wimbo huo ulitungwa na watu ambao kazi yao ya kila usiku iliwafundisha ufupi.

Bendi na hoteli

Them Mushrooms iliundwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison, wenye asili ya Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama nyuma ya Mombasa. Kiongozi wao alikuwa Teddy Kalanda. Pamoja naye walikuwamo nduguze Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Kwa wapenda historia ya lugha, Kaloleni si mbali na Rabai, alikokaa Krapf tangu mwaka 1846 akikusanya maneno ya kamusi yake. Kamusi hiyo, iliyoegemea zaidi usemi wa Mombasa, ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kati yake na sahani yetu kuna miaka mia moja kamili. Sidai kwamba hesabu hiyo ina maana yoyote. Naitaja kwa sababu ni rahisi kuikumbuka, na kwa sababu vitu hivi viwili vina jamaa: vyote viwili vilikusudiwa mgeni asiyejua Kiswahili.

Jina la bendi linastahili neno moja. Lilifuata mtindo wa bendi za roki za Uingereza za miaka ya 1960, lakini mahali ambapo Kiingereza sanifu kingeweka neno la kubainisha, vijana hawa waliweka kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kama wasemavyo watu wa mitaani wa Uingereza na wa visiwa vya Karibi. Hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyeandika makala ya kulalamika. Baadaye bendi ilijiita Uyoga, ikawa imejitafsiri yenyewe.

Maisha ya bendi kama hii yalikuwa ya kuvuka maji. Hoteli za watalii zilipangwa ufukoni kaskazini na kusini ya kisiwa. Anayekwenda kusini hupanda feri ya Likoni. Anayekwenda kaskazini alipita daraja la kuelea la Nyali lililojengwa mwaka 1931, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980. Huko ng'ambo hadhira ilikuwa Wajerumani, Waingereza, Waswisi, Waitalia, waliokuja kwa ndege za kukodiwa wakakaa wiki mbili na kuondoka, wakaja wengine. Mpiga gita wa hoteli hakuweza kutegemea wasikilizaji wanaomjua. Kila baada ya wiki mbili aliwaanza upya. Alitakiwa apige nyimbo za kwao, za disko na za kucheza kifua kwa kifua, halafu kidogo cha Afrika, lakini kisiwe kirefu wala kisiwe kigumu.

Teddy Kalanda mwenyewe alieleza zaidi ya mara moja jinsi wimbo ulivyozaliwa. Aliona wageni wanavyofurahia kujifunza maneno machache ya Kiswahili na kuyajaribu kwa wahudumu, basi akayakusanya maneno yale yale yaliyokuwa yakisikika kila siku kati ya mgeni na mwenyeji, akayatia katika wimbo. Maelezo haya yana uzito mkubwa kwetu kuliko yanavyoonekana. Mtunzi hakudai kuwa amebuni lugha, alidai ameikusanya. Kazi aliyoieleza ni kazi ya mtafiti wa nyanjani.

Kurekodiwa na kutolewa

Mombasa ilikuwa na maduka ya santuri na watu wa kurekodi, lakini mashine za kukandamiza sahani zilikuwa Nairobi, na huko ndiko zilikokuwa ofisi za kampuni kubwa. Bendi ya pwani iliyotaka kufika mbali ya pwani ilipaswa kupanda bara. Wimbo ulitolewa na PolyGram mwaka 1982. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni nakala zaidi ya 200,000 katika miaka iliyofuata, na bendi ikapewa tuzo ya platinamu. Mtu aliyewahi kuuliza ni nakala ngapi za diwani ya mashairi huuzwa nchini mwetu kwa mwaka hana haja ya kuelezwa ukubwa wa idadi hiyo.

Nani aliyezinunua? Sehemu kubwa ya jibu iko katika umbo lenyewe la sahani. Mtalii hawezi kuchukua usiku wa Bamburi akautia katika mkoba, lakini anaweza kuchukua sahani ya inchi saba. Wimbo ni mfupi, una kiitikio kinachorudi haraka, na maneno yake yanatosha kukumbukwa na mtu aliyeyasikia mara tatu. Ule ufupi uliokuwa adui wa shairi la taarabu ukawa rafiki wa wimbo wa hoteli. Hapakuwa na haja ya kuigeuza sahani ili kupata mwisho wa hoja, kwani hoja ilikuwa ni makaribisho, na makaribisho huisha mara tu yanapotamkwa.

Lakini si watalii peke yao. Wimbo ulisikika redioni na majumbani nchini kote, na hapa hatuna budi kuukumbuka mwaka wenyewe. Mwezi Juni 1982 katiba ilibadilishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tarehe 1 Agosti pakawa na jaribio la kuipindua serikali, na watu wengi wakafa. Wimbo unaoisifu nchi kwa utulivu na kumwambia mgeni kwamba hakuna la kumtia wasiwasi ulikuwa na masikio mawili ya kuusikiliza. Kwa mgeni ulikuwa tangazo. Kwa mwananchi aliyekuwa amelala chini ya kitanda siku ile ya Agosti akisikiliza risasi, maneno yale yale yaliweza kuwa dua, au kejeli, kutegemea nani anayeyaitikia. Sidhani kwamba mtunzi aliyakusudia haya. Sahani ikishatoka haimwulizi mtunzi.

Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi. Kufikia wakati huo kanda, ambayo Philips waliizindua mwaka 1963, ilikuwa imekwisha kuivunja biashara ya sahani. Kila duka lenye mashine mbili za kanda liliweza kuwa kampuni ya kurekodi, na mwenye wimbo hakuona senti.

Lugha ya sahani

Tuje sasa kwenye lugha. Lawama zinazoelekezwa kwa wimbo huu ni tatu: salamu yake si salamu, upatanisho wake una kosa, na maneno yake ya kumtuliza mgeni si ya pwani. Tuzichukue moja moja, ingawa hazilingani kwa uzito.

Ya kwanza ni "jambo". Ni kweli kwamba Mswahili humwuliza mwenziwe "hujambo?", yaani huna jambo lililokusibu, naye akajibu "sijambo", na katika Mji wa Kale utasikia zaidi "sabalkheri", "masalkheri", "waambaje?" au "u hali gani?", kabla hatujafika kwenye "shikamoo" ya mtoto kwa mkubwa. "Jambo" tupu, lisilo na nafsi wala kanushi, ni salamu ya kuamkiwa asiyejua. Lakini si uzushi wa hoteli. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, aliiandika salamu aliyopewa na watu wa misafara na wa miji ya bara kuwa "yambo", nayo akaifuatanisha na "bana". Matamshi yake ni ya Mwingereza asiyesikia vizuri, lakini jozi ya maneno ni ile ile iliyo katika jina la wimbo wetu. Baada ya misafara wakaja walowezi, na kitabu cha Le Breton cha mwaka 1936 kikawafundisha Kiswahili cha bara kilichopunguzwa viambishi. Kwa hiyo sahani ya 1982 haikuiharibu salamu. Iliirekodi salamu iliyokuwa na umri wa miaka zaidi ya mia moja, ambayo Waswahili wenyewe waliwachongea wageni ili wapate pa kuanzia.

Lawama ya pili ndiyo inayopendwa na walimu wa shule. Wimbo unauliza habari, kisha katika jibu kivumishi "-zuri" kinapewa kiambishi cha ngeli ya watu badala ya kile cha ngeli ya "habari". Nimesikia mwalimu akiutumia wimbo huu kuwaonyesha watoto jinsi mtu asivyopaswa kusema, na sikumkatalia. Hata hivyo kosa halina budi kuelezwa, halitoshi kuhukumiwa. Naona maelezo yanawezekana. Aulizwaye hali mara nyingi hujibu juu ya nafsi yake, si juu ya habari: "u mzima?" "mzima". Kiambishi m- katika jibu basi kina njia ya halali ya kuingilia. Msemaji mgeni, au mwenyeji anayezungumza na mgeni, ameichukua ile m- ya "mzima" akaiweka juu ya kivumishi kingine. Huu ni upatanisho unaofuata maana badala ya kufuata nomino, na wanaochunguza lugha za mawasiliano wanaufahamu. Sisemi tuufundishe. Nasema una sababu.

La tatu ni "matata". Mtu wa Mvita anayetaka kumtuliza mwenziwe atasema "si neno", au "hapana neno", au "haidhuru". Lakini neno lenyewe si geni: ni la mzizi ule ule wa "utata", "tatiza" na "tatanisha", na maana yake ya asili ni mambo yaliyofungamana kama uzi. Mwenye Lingala naye analo kwa maana ya fujo na taabu. Kilicho kigeni kwa pwani ni desturi ya kulitumia hivyo, na desturi hiyo ni ya bara. Aliyelitia katika wimbo wa Mombasa alikuwa akiusikia mji ulivyo, si ulivyopaswa kuwa, kwani Mombasa ya 1982 ilikuwa na reli, bandari na watu wa kila kabila la Kenya.

Baada ya lawama hizi tatu msomaji angetarajia kwamba hakuna la pwani lililobaki. Lakini sikiliza tena kitenzi cha makaribisho. Wageni wanaambiwa kwamba wanakaribishwa, na kitenzi hakina -na- ya wakati uliopo ambayo Kiswahili cha bara kingeiweka bila kufikiri. Kina -a-, na nafsi ya pili wingi mbele yake inakuwa mwa-. Huu ndio wakati wa "twasema", "wataka", "mwaja lini?", ambao shuleni hufundishwa kama umbo la kitabuni, na ambao mtoto wa Nairobi huukuta katika mtihani tu. Pwani huusemi kwa kujisikia; unakuja wenyewe. Mtunzi alipokuwa akikusanya vipande vya lugha ya hoteli, kwa salamu na majibu alichukua vya hoteli, lakini alipofika kwenye tendo lenyewe la kumkaribisha mtu, ulimi wake ulimrudisha nyumbani.

Nilimpelekea ami yangu wa Kuze sahani hiyo, mtu ambaye nyumbani kwake haikuwahi kuingia. Alipoyasikia maneno ya kwanza alitikisa kichwa. "Hiyo si salamu, mwanangu," aliniambia. "Mwamkie mtu mzima hivyo, watu watakuteka." (Wasomaji wa bara wasishtuke: kwa Kimvita kuteka ni kucheka.) Nikamwomba asubiri. Kitenzi kilipopita akanyamaza, akaniambia niirudishe sindano. Alisikiliza mara ya pili, kisha akasema, "Huyu wa kwetu huyu."

Wimbo baada ya kuondoka

Wimbo haukukaa mikononi mwa wenyewe. Mombasa Roots na Safari Sound Band, bendi za mji huo huo na za hoteli hizo hizo, waliupiga. Mwaka 1983 kundi la Boney M. lililokuwa Ujerumani lilitoa toleo lake, na katika jina lake liliongeza "Hakuna Matata" juu ya "Jambo". Ni Boney M. hao hao waliotoa "Malaika" mwaka 1981, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1960 na ambao mabishano juu ya mtunzi wake hayajakwisha. Katika muda wa miaka miwili nyimbo mbili za Kiswahili zikapita katika studio moja ya Ulaya. Kila toleo jipya la "Jambo Bwana" lilibadilisha kidogo maneno, na mengi ya matoleo hayo ndiyo yanayosikika leo kuliko la kwanza. Hapo ndipo hali inapofanana kabisa na ya utenzi ulionakiliwa mara kumi: watu wanauhukumu mtunzi kwa makosa ya wanakili wake.

Ulinzi wa sheria ulikuwa mwembamba. Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya kilianzishwa mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya sahani kutoka, na Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001.

Mwaka 1994 filamu ya Disney ya The Lion King iliyachukua maneno "hakuna matata" kuwa wimbo wake, na mwaka huo kampuni iliomba yasajiliwe Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo. Usajili ukakamilika mwaka 2003. Watu wengi Afrika Mashariki walilijua jambo hilo mwaka 2018, ulipoenezwa waraka wa malalamiko uliotiwa saini na zaidi ya watu laki moja. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema neno, nayo haigusi ila bidhaa iliyotajwa, na katika mabishano yale hilo halikuelezwa vizuri na upande wowote. Lakini nilipokuwa nikiyasoma malalamiko hayo nilishangazwa na jambo jingine. Wengi waliyatetea maneno hayo kuwa ni methali ya kale ya Waswahili. Hakuna aliyetaja sahani ya 1982, wala Boney M., wala Teddy Kalanda. Wasomi wa Kiswahili, ambao wangeweza kusema kwa tarehe na kwa ushahidi maneno hayo yalitoka kinywani mwa nani na lini yakaingia katika muziki wa dunia, walikuwa kimya, kwa sababu hawakuwahi kuyaona kuwa ni ya kuchunguzwa. Hata mimi sikuandika neno.

Mashairi ya Muyaka bin Haji yalisalimika kwa sababu Taylor, akiwa Mombasa na akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, aliyaandika yangali vinywani mwa watu, na mwaka 1940 Hichens akayachapisha. Kati ya kufa kwa Muyaka na kukusanywa kwa tungo zake ilipita miaka ipatayo hamsini. Kati ya sahani yetu na leo imepita zaidi ya arobaini. Sahani za Mzuri na za Mbwana zimeanza kukusanywa, na baadhi zimetolewa upya Ulaya katika mkusanyo wa Zanzibara, wenye juzuu nzima ya taarabu ya Mombasa ya miaka 1965 hadi 1975. Sahani za bendi za hoteli hazina mkusanyo wa namna hiyo. Ile niliyompelekea ami ilinunuliwa katika sanduku la vitu vya kale, jalada limeliwa na mende upande mmoja, na katika upande wa wimbo kuna mkwaruzo unaoruka maneno mawili kila inapozunguka. Bahati njema mkwaruzo haukugusa kitenzi.